Mlango Usiofunguka Ndani ya Simu

Hebu tuchukue mfano wa mama mmoja, mkulima wa muhogo katika Kata ya Nemba, Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Mwanawe amesomea kompyuta mjini, na alipokuja likizo alimtengenezea programu ndogo ya simu ya kutunzia hesabu za mauzo. Ukurasa wa kwanza unamwuliza mama jina la mnunuzi na idadi ya magunia. Chini yake pana kitufe cha kumpeleka kwenye ukurasa wa pili, ambako hesabu hujumlishwa. Mama anabonyeza. Badala ya ukurasa wa pili kutokea, programu nzima inazimika, na yote aliyoyaandika yanatoweka. Mama anamrudishia kijana simu na kusema, "Mwanangu, nipe daftari langu."

Maneno hayo ni machache, lakini ni hukumu nzito. Daftari halijapata kumfungia mtu mlango usoni. Programu ikimwangusha mkulima mbele ya mnunuzi mara mbili, hataigusa tena, hata ikiwa na manufaa gani.

Na manufaa hayo yapo. Programu iitwayo Nuru, iliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani pamoja na wataalamu wa IITA, humwezesha mkulima kuelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo na kuambiwa dalili za ugonjwa, pasipo kuhitaji mtandao. Lakini chombo cha namna hiyo hakina faida iwapo hakifungukí kinapohitajika.

Je, kosa la kijana wetu laweza kuwa wapi? Aghalabu huwa katika mojawapo ya mambo matatu.

Kwanza, uandikishaji. Katika simu za Android, ukurasa unaosimama peke yake kama huo hauna budi kutajwa katika faili liitwalo AndroidManifest.xml. Hilo ni kama daftari la balozi wa nyumba kumi. Mgeni akihamia bila kuandikishwa, tarishi akija kumwulizia ataambiwa hayupo, kumbe mgeni amelala chumbani. Kijana ameuandika ukurasa vizuri, lakini hakuutaja daftarini. Dawa yake ni mstari mmoja tu.

Pili, mpangilio wa kazi. Ukurasa hupaswa kwanza kupakia umbo lake, ndipo vitufe na visanduku vyake vitafutwe. Anayetafuta kitufe kabla ya umbo kupakiwa ni sawa na mpishi anayetafuta chungu katika nyumba ambayo vyombo vyake bado vimo garini. Hakipati, naye akijaribu kukitumia, kazi yote inaanguka.

Tatu, mzigo unaopotea njiani. Ukurasa wa kwanza huutumia wa pili habari zikiwa na lebo. Wa kwanza ukiandika "magunia" na wa pili ukatafuta "Magunia" kwa herufi kubwa, kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti. Ukurasa wa pili unabaki mikono mitupu.

Fundi mwema hakisii. Programu inapoanguka, huacha kumbukumbu ya anguko lake, nayo husomwa katika sehemu iitwayo Logcat. Vijana wengi huziona herufi nyekundu zikimiminika, wakaingiwa na hofu na kuanza kubadili huku na huko. Hapana budi kutulia na kutafuta mstari unaoanza na maneno ya Kiingereza "Caused by". Mara nyingi hapo ndipo kiini kilipo, na karibu nao pana jina la faili na namba ya mstari. Kosa la kutoandikisha ni jepesi zaidi kulitambua, kwani Android yenyewe humwuliza fundi iwapo ameutangaza ukurasa wake. Kisha arekebishe jambo moja tu na kujaribu tena, kwani akibadili matano kwa pamoja hatajua lipi lilimponya.

Lakini hata hapo kazi haijaisha. Kijana ahakikishe kuwa maandishi ya mama yanahifadhiwa ndani ya simu kabla ya ukurasa wa pili kufunguliwa, ili hata likitokea anguko jingine, magunia yasipotee. Tena aijaribu programu katika simu ya mama mwenyewe, wala si katika simu yake mpya ya mjini.

Na sisi tunaotumia tu, tunalo la kujifunza. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, wengi tumezoea kutuma fedha kwa simu. Programu ya fedha ikizimika katikati ya kutuma, usikimbilie kurudia. Tazama kwanza salio lako na ujumbe wa uthibitisho. Huenda fedha zimekwisha kwenda, nawe ukatuma mara mbili. Wala usimpe mtu yeyote namba yako ya siri kwa kisingizio cha kukusaidia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mstari mmoja uliosahauliwa mjini waweza kumrudisha mama wa Nemba kwenye daftari lake. Kijana aliyeusahau akae basi karibu naye, amtazame akibonyeza, wala asiondoke mpaka ukurasa wa pili ufunguke.