Umevuka Isebania, data utatoa wapi? Soma hii kabla ya kununua laini ya mkononi Sirari

Wateja wetu wa upande wa Migori na Kuria hutuuliza swali moja tena na tena: nikivuka Isebania niingie Sirari, Tarime au nifike hadi Mwanza, naweza kupata data bila kupeleka kitambulisho kusajili laini mpya?

Jibu fupi ni hili. Data unaweza kupata. Laini ya Tanzania bila kusajiliwa kwa jina lako, hapana, na ukiona mtu anakuuzia laini "iliyo tayari" pale karibu na stendi, jua anakuuzia laini ya mtu mwingine. Hayo ni mambo mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya. Kwa kuwa laini siku hizi ni pochi pia, si simu tu, kosa dogo hapa linaweza kukula pesa.

Kwa nini wanataka kidole chako

Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole tarehe 1 Mei 2019. Mwananchi huenda na namba ya NIDA, yaani ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, anaweka kidole kwenye mashine ya wakala, mfumo unalinganisha. Mwisho wa kusajili ulikuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Mgeni hana NIDA, kwa hiyo yeye huombwa pasipoti na kidole pia.

Usidhani ni Watanzania peke yao wenye masharti. Sisi huku Kenya tulikuwa na foleni zetu mwaka 2022, wakati Mamlaka ya Mawasiliano ilipotoa muda hadi 15 Aprili, halafu ikaongeza hadi 15 Oktoba. Wengi wenu mnakumbuka zile SMS za kila siku.

Sasa tatizo la mtu wa mpakani ni hili: wengi huvuka kwa kibali cha muda, si kwa pasipoti. Mama anayekwenda Sirari kununua mchele au dagaa arudi jioni hana haja ya pasipoti na pengine hajawahi kuwa nayo. Anafika dukani anaambiwa, "Lete pasipoti." Hana. Pembeni kuna kijana mwenye laini tano mkononi, hataki karatasi yoyote. Hapo ndipo balaa huanza.

Laini "iliyo tayari" ni ya nani?

Hakuna laini isiyo na mwenyewe. Kama inapiga na inaingia mtandaoni, basi kuna mtu kidole chake kiko kwenye mfumo. Huenda ni yule kijana mwenyewe. Mara nyingi ni mtu ambaye hata hajui: alikwenda kusajili laini yake, wakala akamwambia "kidole hakijasoma, weka tena", na kile kidole cha pili kikasajili laini nyingine ambayo wakala aliibaki nayo akaiuza.

Tuseme umeinunua. Umeweka bando, inafanya kazi vizuri, umefurahi. Siku mbili baadaye mteja wako wa Tarime anataka kukulipa, unampa namba hiyo kwa sababu ndiyo iko hewani. Anapotuma, linakuja jina la mtu mwingine. Mteja mwangalifu atasimama hapo hapo akuulize. Asiye mwangalifu atatuma, na pesa itaingia kwenye akaunti ambayo kisheria si yako.

Kutoka hapo, mwenye jina anaweza kwenda kwenye duka la mtandao, akasema amepoteza laini, akaweka kidole, akapewa kadi mpya yenye namba ile ile. Simu yako inapoteza mtandao ghafla, na salio limehamia kwake. Hakuna aliyevunja namba ya siri wala kudukua chochote. Mfumo umemrudishia mwenyewe mali yake, ndivyo unavyoona. Ukienda kulalamika utaulizwa kitu kimoja tu: "Laini ni ya nani?" Wala kampuni ya pesa kwa simu, hata sisi, haiwezi kukurudishia kitu kilicho kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Kuna upande wa pili ambao haupendezi zaidi. Laini hiyo ikiwa iliwahi kutumika kutapeli watu kabla hujaishika, namba iko kwako sasa. Na sheria ya mawasiliano ya Tanzania inahesabu kutumia laini isiyosajiliwa ipasavyo kuwa kosa. Kukamatwa ugenini kwa sababu ya bando la wiki moja, kusema kweli, haina maana.

Ikiwa unayo pasipoti, basi nenda dukani au kwa wakala anayejulikana, si kwa anayetembea. Weka kidole mara moja. Akikwambia weka tena, muulize ni ya nini, na mwisho usiondoke kabla hujapiga *106# kwenye laini hiyo mpya uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukiona namba usiyoijua, sema hapo hapo kabla wakala hajafunga duka.

Njia ya kwanza: laini yako mwenyewe

Wengi husahau kwamba laini waliyo nayo mfukoni tayari imesajiliwa, na inaweza kutumika ng'ambo bila kumwonyesha mtu karatasi. Hii ndiyo romingi. Laini yako ya Kenya inapanda kwenye mtandao wa Tanzania kama mgeni, mtandao ule unaidai kampuni yako, na kampuni yako inakudai wewe.

Wazo hili lina historia kwetu. Mwaka 2006 Celtel iliwaruhusu wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kutumia simu wakivuka kama wako nyumbani, jambo ambalo dunia wakati huo haikuwa imelizoea. Baadaye, mwishoni mwa 2014, serikali za ukanda wa kaskazini zikaanza mpango wa mtandao mmoja kupunguza gharama za kupiga simu, Kenya, Rwanda na Uganda zikiwa mbele. Tanzania haikuwa kwenye kundi hilo la kwanza. Kwa hiyo yule jamaa yako wa Busia akikwambia romingi ni rahisi, usichukue bei ya Uganda ukaenda nayo Sirari. Na mpango ule ulilenga simu za sauti hasa. Data ni hesabu nyingine.

Ushauri wetu: kabla ya kuvuka, ukiwa bado Isebania, angalia kwenye menyu ya mtandao wako kama kuna bando la romingi la Tanzania, linunue, kisha uwashe romingi ya data. Ukiwasha bila bando unalipa kwa kila MB, na simu za kisasa hazina huruma. Picha zinajihifadhi zenyewe, programu zinajisasisha, video za kwenye WhatsApp zinashuka bila kuombwa. Zima hayo yote kwanza.

Na hapa watu wa Isebania mna tatizo ambalo mtu wa Nairobi hawezi kulielewa. Mtandao haujui mpaka. Unaweza kuwa umekaa dukani kwako upande wa Kenya, simu ikashika mnara wa Sirari kwa sababu una nguvu zaidi pale ulipo, na ukaanza kulipa romingi bila kuvuka hata hatua moja. Ujumbe wa "Karibu Tanzania" ukiingia nawe uko jikoni kwako, ndiyo dalili. Dawa yake: ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mitandao, ondoa uchaguzi wa kujiendesha wenyewe, uchague mtandao wako wa Kenya kwa mkono. Romingi ya data iache imezimwa mpaka siku unayosafiri kweli. Ukisafiri, kumbuka kuurudisha, la sivyo ukifika Tarime utashangaa simu haina mtandao kabisa.

Jambo hilo lina faida yake pia. Ukiwa Sirari, karibu kabisa na mpaka, mara nyingi mnara wa Kenya bado unafika. Kama shughuli yako inaishia sokoni pale, chagua mtandao wako kwa mkono, na huenda usihitaji romingi wala laini mpya. Ukisonga mbele kuelekea Tarime, utaupoteza.

eSIM, kwa wenye simu inayokubali

Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na lile swali la "bila usajili". eSIM ni laini isiyo na kadi. Unaipakua kwa kupiga picha msimbo au kupitia programu. Kuna kampuni za kimataifa, Airalo ni mojawapo, zinazouzia wasafiri data ya nchi fulani kwa siku kadhaa. Nyingi za laini hizi hutolewa nchi nyingine, kisha hupanda kwenye mtandao wa nchi uliyopo kama romingi, ndiyo maana mara nyingi huwekewi kidole dukani.

Lakini tusidanganyane kuhusu siri. Umelipa kwa kadi au akaunti yenye jina lako, umetoa barua pepe, na simu yako ina namba yake ya utambulisho. Ni njia ya kuepuka foleni, si ya kujificha.

Mambo matatu uyajue. Simu yako lazima iwe na uwezo huo, na simu nyingi za bei ya kawaida hazina. Piga *#06#, ukiona namba inayoitwa EID, uko sawa. Pili, ipakue ukiwa na intaneti nyumbani, maana kufika Sirari bila data ukitafuta data ili upakue data ni kichekesho. Tatu, na hili ndilo linalotuhusu sisi: nyingi za eSIM hizo ni za data tu. Hazina namba ya simu ya kupokea pesa na huwezi kufungulia akaunti ya pesa kwa simu. Kwa hiyo laini yako ya Kenya iache ndani ya simu, romingi ya data imezimwa, ipokee SMS tu. Data ipite kwenye eSIM. Hivyo programu yetu itafunguka kwa data ya eSIM, na ujumbe wa uthibitisho utaingia kwenye laini yako ile ile.

Waifai na hotspoti

Kwa safari ya siku moja, hii inatosha watu wengi kuliko wanavyodhani. Gesti na hoteli nyingi zina waifai, na mwenyeji wako akikufungulia hotspoti ya simu yake, anakusaidia kihalali kabisa. Yeye ndiye aliyesajiliwa, na laini haijatoka mkononi mwake. Ni tofauti kubwa na yeye kukusajilia laini kwa kidole chake akakupa uondoke nayo, hata kama ni shemeji. Msimtie shemeji kwenye hilo.

Ukiwa kwenye waifai ya watu, fanya malipo ndani ya programu yenyewe, usifuate kiungo chochote. Ukurasa wa kuingilia waifai ukikuomba namba ya siri ya pesa, funga. Hakuna waifai inayohitaji namba hiyo.

Na pesa je?

M-Pesa ya Safaricom na M-Pesa ya Vodacom Tanzania zina jina moja tu. Ni akaunti mbili, kampuni mbili, shilingi mbili. Tangu 2015 unaweza kutuma kutoka moja hadi nyingine, lakini ni muamala wa kimataifa wenye menyu yake, unaanza na +255, na kiasi kinabadilishwa kwa kiwango cha siku hiyo. Soma jina na kiasi kitakachofika kabla ya kubonyeza. Anayekuuzia bando la "elfu mbili" Sirari anazungumza shilingi za Tanzania pia, usishtuke ukakimbia wala usilipe elfu mbili za Kenya.

Mpakani utakutana na mawakala wenye laini za nchi zote mbili mezani. Kabla ya kutoa pesa, hakikisha ni namba gani ya wakala unaitumia na ujumbe umeingia kwenye laini ipi. Usimpe simu akubonyezee.

Ikiwa ulisajili laini ya Tanzania kwa pasipoti na safari imekwisha, toa salio lote kabla ya kurudi. Laini inayokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine. Kama uliiunganisha na WhatsApp, barua pepe au benki, ibadilishe huko kote ukiwa bado unaweza kupokea ujumbe wake.