Profesa wa Kiswahili na nanga za Wahaya

Huko Muleba bibi huuliza kwa Kihaya, mjukuu akajibu kwa Kiswahili. Mzazi anayeona huo ndio usomi amtazame Profesa Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera. Kiswahili alikifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mashairi aliyatunga. Diwani ya Malenga wa Bara, aliyoandika na K. K. Kahigi, ilitoka 1976. Lakini kwa shahada ya uzamivu, 1986, alichagua tendi za Wahaya, zile zinazoimbwa kwa nanga, kinanda cha nyuzi. Wapiga nanga hawakusoma kitabuni. Rukiza na Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, walikaa kichwani mwao. Leo jioni muulizeni mtoto: Mugasha ni nani? Asipojua, bibi yupo.