Utafiti wa bure, bili ni ya nani?

1/ Kwenye midahalo utasikia: "Kodi yetu imelipia utafiti, mbona tulipie tena kuusoma?" Hoja safi. Mimi hapa Pipeline nasoma tasnifu za Chuo Kikuu cha Nairobi kwa simu, gharama ni bando tu.

2/ Lakini kwa majarida makubwa bili haikufutwa, ilihamia kwa mwandishi. Mwaka 2021 Nature ilianza kutoza euro 9,500 ili makala moja isomwe bure. Mhadhiri wetu angetoa wapi?

3/ Mwaka 2023 ikawasamehe waandishi wa nchi za kipato cha chini na cha kati-chini, Kenya ikiwemo. Poa, ila hiyo ni hisani. Tukipanda daraja, bili inarudi.

4/ Kwa hivyo mgombea akiahidi "utafiti wazi", muulize bajeti ya maktaba za mtandaoni za vyuo vyetu iko wapi.