Mhandisi wa umeme anaporejea kazini baada ya miaka mingi

MWENDA tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini wahenga waliotuachia methali hiyo hawakusema ngama yenyewe itakuwa katika hali gani siku ya marejeo. Hilo ndilo swali linalomkabili mhandisi wa umeme aliyeiacha taaluma yake kwa miaka kumi au zaidi na sasa anataka kuirudia.

Watu wa aina hii si haba nchini. Wapo waliovutiwa na mishahara ya benki na kampuni za simu, waliojaribu biashara, na waliokwenda ughaibuni wakafanya kazi isiyohusiana na shahada zao. Wengi ni wanawake waliobaki nyumbani kulea. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu yenye malipo kamili, na ni jambo jema, ila mtoto hakui kwa miezi mitatu. Asiyepata mtu wa kumwachia mwanawe huku akitakiwa kulala Olkaria au Kiambere wiki nzima, hujikuta ameandika barua ya kujiuzulu.

Chukua mfano wa mhandisi aliyeondoka kazini mwaka wa 2006. Hofu yake kubwa huwa kwamba amesahau kila kitu. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Kanuni ya Ohm ni ya 1827, ugunduzi wa Faraday kuhusu sumaku na mkondo ni wa 1831, na kanuni za Kirchhoff ni za 1845. Hakuna hata moja iliyotanguliwa. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ungali wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, nayo transfoma ingali inafanya kazi kwa hesabu ile ile aliyofunzwa chuoni. Mikono na kalamu vitakuwa vizito kwa majuma kadhaa, lakini hesabu itarudi.

Kilichobadilika ni gridi yenyewe. Alipoondoka, umeme ulitoka hasa katika mabwawa ya Mto Tana, mvuke wa Olkaria na mitambo ya dizeli. Leo kuna shamba la upepo la Ziwa Turkana lenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ambalo umeme wake husafiri kilomita 428 kutoka Loiyangalani hadi Suswa. Kuna kituo cha nishati ya jua cha Garissa. Tangu Novemba 2022, umeme wa Ethiopia huingia nchini kwa laini ya kilomita 1,045 inayoishia papo hapo Suswa. Laini hiyo hutumia mkondo mnyoofu wa volti 500,000, yaani umeme usiogeuza mwelekeo, ilhali gridi nzima iliyosalia hutumia mkondo geu. Mhandisi wa 2006 aliusoma mkondo mnyoofu wa nguvu nyingi kama jambo la nchi za mbali.

Mabadiliko haya yana athari ambayo haionekani kwa macho. Mtambo wa maji au wa mvuke una rota nzito inayozunguka. Hitilafu inapotokea, uzito huo huendelea kuzunguka kwa nguvu zake na kuipa gridi sekunde chache za kujinusuru. Paneli za jua hazina kitu kinachozunguka, na mitambo mingi ya kisasa ya upepo huunganishwa kupitia vifaa vya kielektroniki vinavyoitenganisha mizunguko yake na ile ya gridi. Sehemu ya vyanzo hivyo inapokuwa kubwa, mizunguko ile 50 huweza kushuka kwa kasi zaidi, na vifaa vya kukata na kurejesha umeme hulazimika kuwa vyepesi kuliko zamani. Wakenya walipobaki gizani Agosti 25, 2023, na tena Novemba na Desemba mwaka uo huo, walionja jinsi gridi nzima inavyoweza kuanguka. (Mnamo Juni 2016 nchi ilizimika kwa sababu ya tumbili mmoja aliyeangukia transfoma katika kituo cha Gitaru. Tumbili alinusurika.)

Hata hivyo, hatari kubwa kwa anayerejea haiko Suswa wala Gitaru. Iko katika mazoea ya mkono wake mwenyewe.

Zamani umeme ulikwenda upande mmoja, kutoka kituoni hadi kwa mteja. Aliyekata swichi upande wa kituo alikuwa na sababu ya kuamini kwamba laini iliyo mbele yake imekufa, ingawa hata wakati huo jenereta ya duka ingeweza kumsaliti. Leo mapaa ya viwanda, vyuo na nyumba yamejaa paneli za jua. Inveta bora hujizima gridi inapozimika. Iliyofungwa vibaya, au jenereta iliyounganishwa bila swichi ya kubadilishia, huweza kurudisha umeme kwenye laini. Transfoma haijui kushusha pekee. Ikipokea volti 240 upande wa chini, itazipandisha hadi 11,000 upande wa juu, na fundi aliye juu ya mlingoti huenda asipate nafasi ya kuuliza zimetoka wapi.

Paneli zenyewe nazo zina ukaidi wao. Maadamu jua lingali linawaka, waya zake zina umeme hata kama kila swichi jengoni imezimwa. Isitoshe, mkondo wake ni mnyoofu: cheche ikiruka hailetewi ule upenyo wa kuzimika ambao mkondo geu hutoa mara 100 kila sekunde. Swichi iliyotengenezewa mkondo geu ikitumiwa hapo huweza kuungua.

Kisha kuna rangi za waya, jambo linaloonekana dogo mno hata vitabu vingi vya kurejea kazini havilitaji. Kenya ilirithi desturi zake za waya kutoka Uingereza. Katika mtindo wa kale, nyaya tatu za umeme mkubwa zilikuwa nyekundu, manjano na buluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Uingereza ilibadilisha mtindo huo mwaka wa 2004 na kuufanya mpya kuwa wa lazima kufikia 2006: hudhurungi, nyeusi na kijivu hubeba umeme, na nyutro ni buluu. Tazama kilichotokea. Nyeusi iliyokuwa nyutro sasa huweza kubeba umeme, na buluu iliyobeba umeme sasa ni nyutro. Katika majengo na mitambo ya Kenya mtu huweza kukutana na mitindo yote miwili, wakati mwingine ndani ya sanduku moja. Aliyefunzwa na mtindo wa kale hutambua nyeusi kabla hajafikiri, na hapo ndipo balaa ilipo.

Kuhusu karatasi, mambo ni mepesi kuliko inavyodhaniwa ila hayakwepeki. Sheria ya Wahandisi ya 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi wa Kenya mahali pa bodi ya zamani. Anayerejea hana budi kuthibitisha kwamba jina lake limo sajilini na katika daraja gani, kwani mhitimu na mhandisi kamili si kitu kimoja. Halafu hulipia leseni ya kila mwaka na kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza. Kazi za nyaya na za sola zina leseni nyingine chini ya mamlaka ya kawi, EPRA, iliyochukua mahali pa tume ya ERC mwaka wa 2019. Mafundi wa sola wana madaraja yao ya T1, T2 na T3 tangu kanuni za 2012, na si aibu kwa mwenye shahada kuanzia huko.

Waajiri nao wana la kujibu. Wengi huliona pengo katika wasifu wa mtu wakauliza alikuwa wapi. Swali hilo linawapotezea wahandisi wazuri. Lenye manufaa zaidi ni kumpeleka mtahiniwa mbele ya kisanduku cha umeme kilichozimwa na kumuuliza atafanya nini kwanza.

Jibu sahihi halijabadilika tangu 2006. Atafunga swichi kwa kufuli yake na kutia ufunguo mfukoni. Atakijaribu kipimo chake mahali anapojua pana umeme, kisha atapima kila waya bila kujali rangi yake, halafu atarudi kukijaribu kipimo hicho mara ya pili, asije akawa amedanganywa na betri iliyokufa.