Getaria: Mji ambapo bahari ndiyo huamua mlo wa mkahawani

MGENI anayeketi kwa mara ya kwanza katika mkahawa wa samaki mjini Getaria, kaskazini mwa Uhispania, huenda akashangazwa na orodha ya vyakula anayokabidhiwa. Bei ya samaki wengi haikutajwa kwa sahani bali kwa kilo. Isitoshe, mhudumu anaweza kumweleza kwamba samaki aliyemtamani hakupatikana siku hiyo.

Huo si uzembe wa mwenye mkahawa. Ndiyo kanuni ambayo imeujengea mji huo mdogo wa Wabasque sifa kubwa miongoni mwa wapenzi wa chakula. Mpishi hapangi mlo kwanza kisha akaenda kumtafuta samaki. Huanza na samaki aliyeshushwa bandarini, ndipo akajua atapika nini.

Getaria ina wakazi wasiofika 3,000, na iko umbali wa kilomita 25 hivi magharibi mwa jiji la San Sebastián. Ndiko alikozaliwa baharia Juan Sebastián Elcano, aliyekamilisha safari ya kwanza ya kuizunguka dunia mwaka 1522. Barabara ya mji mkongwe huteremka, ikapita chini ya kanisa la San Salvador na kutokezea bandarini. Hivyo basi, kutoka mashuani hadi jikoni ni mwendo wa dakika chache tu.

Mikahawa kadhaa imeweka majiko yake ya makaa nje, kando ya njia, na moshi wa samaki humfikia mpita njia kabla hajauona mlango. Desturi hii ina asili katika maisha ya wavuvi, ambao walizoea kuchoma sehemu ya walichovua papo hapo chomboni.

Anayehesabiwa kuwa mstari wa mbele katika kuipa desturi hiyo heshima ya mezani ni marehemu Pedro Arregui, aliyefungua mkahawa wa Elkano mwaka 1964. Arregui alijulikana kwa kumchoma rodaballo akiwa mzima, na kichwa na ngozi yake. Rodaballo ni samaki bapa ambaye kwa umbile hakaribiani na mwingine katika pwani ya Afrika Mashariki kuliko gayogayo. Leo mkahawa huo unasimamiwa na mwanawe, Aitor Arregui, na umetunukiwa nyota ya Michelin.

Upishi wenyewe hauna mengi. Samaki hubanwa ndani ya kitundu cha waya chenye umbo la samaki, ili ageuzwe juu ya makaa bila kuvunjika. Hutiwa chumvi, kisha hunyunyiziwa mchanganyiko wa mafuta ya zeituni na siki. Hakuna rojo nzito wala viungo vikali vya kuficha ladha. Na kwa kuwa hakuna cha kuificha, samaki aliyelala siku nyingi hugunduliwa mara moja.

Samaki akiiva, mhudumu humpasua mbele ya wageni na kuwaonyesha sehemu zake. Nyama ya upande wa juu, wenye ngozi nyeusi, haifanani na ya upande mweupe wa chini. Iliyo karibu na mapezi hunata kwa utomvu wake, na mashavu yana ladha yake pia. Si utovu wa adabu mtu kuushika mfupa kwa mkono na kuufyonza. Wenyeji hufanya hivyo.

Kwa sababu samaki hupimwa, mgeni mwerevu huuliza uzito na bei kabla hajawekwa motoni. Huuliza pia iwapo ni wa baharini au wa kufugwa, kwani rodaballo hufugwa kwa wingi katika jimbo la Galicia na bei yake huwa nafuu. Samaki mmoja mzima kwa kawaida hutosha watu wawili au zaidi, na si mlo wa kila siku hata kwa wenyeji.

Mfanyakazi wa kawaida hukimbilia menyu ya siku, ambayo huuzwa mchana, hasa siku za kazi, kwa bei moja isiyobadilika. Mara nyingi hupata sahani ya kwanza, sahani kuu, kitindamlo, mkate na kinywaji. Utaratibu huu umeenea kote nchini Uhispania. Ulianza katika miaka ya 1960, serikali ilipowataka wenye mikahawa waandae mlo wa bei maalumu kwa watalii.

Saa za kula nazo humchanganya mgeni. Chakula cha mchana huanza mwendo wa saa saba na nusu, na cha usiku ni nadra kuliwa kabla ya saa mbili na nusu. Wanaokunywa pombe huagiza txakoli, mvinyo mweupe mwepesi unaotokana na zabibu za vilima vinavyouzunguka mji huo. Humiminwa kutoka juu ili utoe povu.

Hata hivyo, kalenda ya bahari ndiyo mwongozo mkuu. Majira ya kuchipua huleta dagaa wanaoitwa antxoa. Rodaballo husifiwa zaidi kati ya Mei na Julai, na jodari mweupe huvuliwa kiangazi kwa ndoana, mmoja baada ya mwingine. Ngisi, ambao Wabasque huwapika kwa wino wao wenyewe, nao wana msimu wao.

Je, bahari ikikataa kutoa? Swali hilo Wabasque hawakulijibu kwa nadharia. Mwaka 2005 antxoa walipungua mno katika Ghuba ya Biscay, hata Umoja wa Ulaya ukafunga uvuvi wao. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa 2010. Wavuvi walipoteza msimu wao muhimu, na viwanda vya kusindika dagaa vikalazimika kutegemea samaki kutoka nchi nyingine.

Dagaa waliongezeka tena, na uvuvi ukafunguliwa kwa viwango vinavyowekwa kwa kuzingatia makadirio ya wanasayansi. Kufikia mwaka 2016 kiwango hicho kilikuwa kimepandishwa hadi tani 33,000. Besugo, samaki wa karamu za Krismasi, hakubahatika hivyo. Alivuliwa kupita kiasi, akatoweka kwa wingi katika ghuba hiyo miaka ya 1980, na hajarejea katika wingi wake wa zamani. Anayemla leo mara nyingi hula samaki aliyetoka mbali.

Suala hili linawahusu pia wakazi wa Afrika Mashariki. Meli kubwa za jodari kutoka Bermeo, mji mwingine wa pwani ya Wabasque, zimekuwa zikivua katika Bahari ya Hindi tangu miaka ya 1980. Haziendi kutafuta samaki wa kuchomwa makaani. Hutumia nyavu za kuzungushia kundi zima, na sehemu kubwa ya wanaonaswa huishia kwenye mikebe.

Mwaka 2016 Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya ni mwanachama wake, ilipitisha hatua za kupunguza uvuvi wa jodari wa manjano baada ya wataalamu kuonya kwamba anavuliwa kupita kiasi. Onyo hilo halikutofautiana na lile lililowafika wavuvi wa Biscay.

Kwa hivyo, mhudumu wa Getaria anaposema kwamba samaki fulani hayuko, hamnyimi mgeni kitu. Mkahawa unaokubali kukosa leo ndio utakaokuwa na cha kuuza kesho. Ule unaotaka kila samaki awepo kila siku hauna budi kumtoa katika bahari ya wengine, au kummaliza katika bahari yake.