Shanga Zinazoeleza Plastiki
Mwaka 1990 wanafizikia Kurt Kremer na Gary Grest walionyesha kwa kompyuta kwamba polima, yaani molekuli yenye umbo la mnyororo mrefu, hata ikifanywa shanga tu zilizounganishwa kwa springi, inatosha kueleza kwa nini plastiki iliyoyeyuka humiminika polepole: minyororo mirefu imesokotana, na kila mmoja hujipenyeza kufuata urefu wake, kama alivyofikiri mwanafizikia Pierre-Gilles de Gennes mwaka 1971. Wapo watakaosema shanga si kemia. Ni kweli, na anayetaka kujua plastiki itaungua vipi hana budi kurudisha atomi ambazo shanga zimechukua nafasi yake. Lakini msokotano hutegemea zaidi urefu na ugumu wa mnyororo. Kufuatilia kila atomi kungeichosha kompyuta kabla minyororo haijaachana, yaani kabla ya jambo lenyewe tunalolitafuta kutokea.