Ngome ya Yesu na Safari ya Neno "Gereza"

Mgeni anayekata tiketi na kuingia Ngome ya Yesu mjini Mombasa hukuta ua mpana, mizinga iliyonyamaza na upepo wa bahari. Aghalabu husoma vibao, akapiga picha, akaenda zake. Ni nadra akumbuke kwamba lango analolipitia kwa hiari lilipitiwa na wengine kwa lazima kwa muda wa miaka 63.

Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliitwaa mwaka wa 1698 baada ya mazingiwa ya takriban miaka mitatu, na baadaye Wamazrui wakaitawala Mombasa hadi 1837. Waingereza waliifanya kifungo mwaka wa 1895. Ilipofika 1958 ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, James Kirkman akaongoza uchimbuaji, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikawa makavazi.

Historia hiyo inafahamika. Lisilozingatiwa sana ni kwamba lugha nayo imeihifadhi, tena katika neno moja: gereza. Asili yake ni Kireno, *igreja*, yaani kanisa. Kifonolojia hapana ajabu. Kiswahili kiliidondosha irabu ya mwanzo, kikapachika /e/ kati ya /g/ na /r/ ili kuvunja mfuatano wa konsonanti, kisha sauti ya Kireno iandikwayo *j*, ambayo Kiswahili hakina, ikapokewa kama /z/. Kitendawili kimo katika maana: kanisa liligeukaje kifungo?

Jibu li katika majengo yenyewe. Ndani ya Ngome ya Yesu mlikuwa na kanisa, na mabaki yake yangalipo. Huko Unguja, Waomani walijenga Ngome Kongwe palipokuwa na kanisa la Wareno, na katika karne ya 19 ikatumiwa kufungia watu. Yaelekea jina la kanisa lilitwaliwa kuwa jina la ngome nzima. Na ngome ilipogeuzwa kifungo, jina likafuata kazi. Hatua ya katikati si dhana tupu. Katika Kilwa Kisiwani, ngome iliyo karibu na ufuo huitwa Gereza hadi leo.

Hapo ndipo neno linapoyazidi mawe kwa kumbukumbu. Ili enzi za Wareno na Waomani zionekane, majengo mengi ya kifungo yalibomolewa. Kitaaluma uamuzi huo una utetezi wake, kwani chini yake palikuwa na mengi ya thamani. Hata hivyo, kilichoondolewa ni sura ya kipindi kilichowagusa moja kwa moja mababu wa wanafunzi wanaoletwa hapo kwa mabasi ya shule. Nahodha wa Kireno ana msingi wa nyumba yake wa kuonyeshwa wageni. Hata askari na mabaharia wa Kireno wana michoro waliyoiacha ukutani, merikebu zikiwemo. Mfungwa wa enzi ya ukoloni ameachiwa machache mno.

Na neno nalo limekwisha kuhama. Gereza likitajwa Mombasa leo, msikilizaji hufikiria Shimo la Tewa, kaskazini mwa kisiwa, wala si ngome.